Pepo Anayeita Majina

Singida Mjini, Jumatano

Leo tena ofisini tumebishana kwa nini pepo wa ile hadithi ya gazetini huwaita watu kwa majina kabla ya kuwachukua. Mama Zuhura wa taipu anasema analipiza kisasi. Mzee Njiku anasema ni mpweke tu.

"Hana chuki na mtu. Anayeitika ndiye anayekwenda naye."

"Basi Rehema umekwisha," akasema Mama Zuhura. "Wewe unaitika hata akiitwa mwingine."

Nilicheka, lakini wiki hii wenzetu wawili wameitwa kwa bosi na kupunguzwa kazini.

Alasiri bosi akaniita mimi. Nikaitika "Abee" kabla sijafikiri. Kumbe alitaka ufunguo wa kabati.

Nimechoka. Kesho ataita tena, na mimi nimelelewa kuitika.