Udongo Tuliouchimba Kwa Mkerewe

Kaka Petro,

Baba hakutukimbia. Alifia huku milimani, nyuma ya Magu, na kaburi lake nimelipata mimi. Nimelipata kwa jembe, kaka. Siku tatu nilikuwa nalichimba bila kujua.

Sasa shikamoo. Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya salamu, lakini kila nikitaka kuandika "hamjambo" mkono unakataa. Wifi anaendeleaje na miguu yake? Shangazi bado anasikia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui niuweke wapi. Ningepiga simu, ila huku haishiki mpaka upande juu ya jiwe refu, na neno hili si la kusemwa mtu amesimama juu ya jiwe.

Nianzie mwanzo uelewe.

Unajua mwanangu Leokadia ni fundi wa nyumba. Nilikwisha kukuandikia kuhusu zile alizojenga hapa Buswelu tunapoishi, sirudii, ingawa ile ya ghorofa ukiiona utavua kofia. Mwezi uliopita viongozi wa kijiji kimoja cha wafugaji walimfuata yeye, wakawaacha mafundi wanaume wote wa Magu, akawatengenezee kibanda cha wachungaji kilicho ndani ya ngitili yao. Ngitili ni malisho wanayoyafunga mvua nzima, ng'ombe haingii, wakayafungua kiangazi majani yakiisha kwingine. Kutoka barabarani ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kibanda kiko peke yake kati ya vilima, na wachungaji hulala humo miezi yote ya ukame. Mahali penyewe wanapaita Kwa Mkerewe. Niliposikia jina hilo nikajitapa mbele yao: mnaona, hata porini kwenu sisi watu wa kisiwani ndio tunaojulikana. Sikuuliza Mkerewe gani. Nilikuwa nimefurahi mno.

Nikamfuata Leokadia kwa sababu kukandika ukuta ni kazi ya wanawake, na kwa kukandika simjui wa kunishinda. Yeye alitaka bati na saruji. Wachungaji wakamcheka.

"Dada fundi," mmoja akamwambia, "mvua ikipiga hilo bati, ng'ombe watakimbia mpaka Busisi. Utawafuata wewe?"

Kwa ubishi akapiga saruji upande mmoja. Kesho yake ikabanduka yote kama ganda la muhogo. Nikamwambia, mwanangu, ukuta wa udongo unataka udongo. Ndipo nikamwonyesha zizi la zamani lililo mbele ya mlango. Kaka, ule udongo ni mweusi, mlaini, umepondwa na kwato na kuiva kwa samadi miaka na miaka. Nani angeuacha? Kwetu mtu akifa analazwa pembeni ya nyumba, anawekewa msalaba, unamwona. Zizi ni zizi. Nikachimba, nikakanyaga, nikatia majivu, nikakandika ukuta wa mbele wote na wa ubavuni. Ulitakata hata nikawaita wachungaji waje wautazame.

Siku ya nne Leokadia akaanza kushusha paa. Nikamsikia huko juu ananung'unika.

"Mama, aliyefunga hizi fito alikuwa mvuvi au alikuwa mlevi?"

Nikapanda ngazi. Nyasi zilikuwa zimebadilishwa mara nyingi, lakini fito za chini na kamba zake za katani ni za tangu mwanzo, moshi umezikausha zikawa ngumu kama waya. Kila fito ilifungwa kwa fundo la nyavu. Na kila fundo limegeuzwa, ncha ya kamba inatokea upande usio wake. Hivyo anafunga mtu wa mashoto. Unalikumbuka, kaka. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifumulia kazi yangu uani, ukisema nimefunga kinyume, nami nakujibu ndivyo baba anavyofunga.

Nikashuka, nikakaa chini. Leokadia alidhani jua limenipiga, akaniletea maji. Nilijisemea watu wa mashoto wako wengi.

Mchana huo akaja Mzee Ng'wandu, ndiye mkongwe wa wachungaji wa pale, kukagua kazi. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umekandika vizuri. Watu wa samaki sikujua mnaweza. Udongo umeutoa wapi?"

Nikamwonyesha. Akageuka, akaliona shimo. Akavua kofia.

"Hamkuambiwa kuna mtu humo? Vijana hawa hawajui."

"Mtu gani, ndani ya zizi?"

"Mwenye nyumba. Sisi mwenye mji tunamlaza zizini, ng'ombe wapite juu yake. Ndiyo heshima yake. Huyu alikuwa mgeni, lakini nyumba ni yake, tukampa."

Nikamwuliza jina. Nilikuwa nalijua, kaka, ila nilikuwa naomba ataje jingine.

"Magesa," akasema. "Mkerewe, mtu wa mashoto."

Mwiko ukamdondoka Leokadia. Mimi mikono ilikuwa bado na ule udongo mpaka kwenye viwiko, na sikujua niinawe au niiache. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa sahihi. Nikamwambia mzee mimi ni nani. Akaketi chini, akaniangalia usoni, akasema, "Pua ndiyo yenyewe."

Alichotuambia nakuandikia bila kuongeza. Baba alifika kwao akitafuta kazi ya kuchunga, malipo yake ng'ombe mtamba. Wakati huo wachungaji walikuwa wakilala chini ya mwamba, mvua ikija ya ghafla inawapiga. Baba akakataa. Alisema, "Maji mimi nimeyaacha ziwani, siwezi kulala nayo tena huku." Akajenga kibanda kile kwa mikono yake, Mzee Ng'wandu, kijana wakati huo, akimkatia fito. Alikuwa amekwisha kupata mitamba wawili. Kila wakimwuliza lini anarudi kwao anasema, "Mmoja bado. Wakitimia watatu nakwenda kumwozesha Petro wangu."

Ndivyo alivyosema. Petro wangu.

Homa ilimchukua kwa siku tatu. Walituma habari kwa watu wa mwaloni, wanakoshusha samaki, kwamba Magesa wa Ukerewe amefariki. Lakini akina Magesa wa Ukerewe wako wangapi, kaka? Ni kama kumtafuta Masanja Usukumani. Mitamba wake waliwatunza wakingoja mwenyewe aje, na mwaka uliofuata ugonjwa wa ndigana ukawamaliza pamoja na wa kwao.

Nililia, nikasema nitambeba nimrudishe kisiwani. Mzee akaniuliza kwa upole, "Nyumba aliyoijenga kwenu iko wapi?" Tuliiacha ianguke kwa hasira, kaka, na matofali yake tukazungushia banda la mbuzi. Hii ya huku wageni wameitunza.

Kuhusu shimo, alichomeka fimbo akapima. "Mmemfunua shuka tu," akasema, "mwenyewe hamjamgusa." Lakini udongo wa juu yake sasa uko ukutani, na desturi yao ni kwamba anayemfunika tena awe mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mimi sifai, nimesharudia kuuliza. Mpaka huyo afike paa halifungwi, na wachungaji wanalala nje. Mvua zikiwahi, ukuta unayeyuka, na udongo ule unakwenda korongoni.

Najua uliapa. Najua jina lake likitajwa unaondoka kwenye mkeka, na wajukuu wako saba hakuna hata mmoja anayeitwa Magesa. Mchumba uliyemkosa kwa kukosa ng'ombe tulimlilia wote, na wifi asininunie, maana bila hivyo tusingempata yeye. Umemchukia baba tangu ndevu zako zikiwa nyeusi. Mimi pia nilimchukia, kwa kukufuata wewe. Sasa nakuomba unifuate mimi, mara hii moja.

Msalimie sana wifi. Msalimie shangazi, umsomee barua hii taratibu, yeye ni dada yake na hakuwahi kuamini tulichokuwa tunasema. Msalimie katekista, mwambie tunamhitaji kwa sala, na asiogope samadi. Wajukuu waje na viatu vya kufunga, njia ina miiba. Leokadia atawapokea barabarani Magu. Mtamtambua, ndiye mwanamke pekee mwenye timazi mfukoni. Nyasi zimekwisha kukatwa na kamba zimesokotwa. Mafundo ya mwisho nitafunga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na usinifumulie.

Mimi mdogo wako Anastazia, mama yake fundi, nimekaa hapa mlangoni na jembe nimelilaza. Wazee wa huku wamekubali kungoja, na siku wameitaja wao: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka.