Unga Mweusi Alioufukua Keraryo

S.L.P. 36,
Butiama,
Musoma.
11 Agosti 1991

Mpendwa kaka Masatu,

Hujambo huko Dar es Salaam? Kifua kimepoa? Shemeji Jenoveva na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, na mama anakula vizuri. Hofu yetu ni juu ya dada Dorotea, na nisamehe, naandika kwa hasira.

Unga wako mweusi wa chuma, ule wa kunasa sumu majini, ulifika salama. Nilifuata maelezo yako ya maabara. Niliukoroga katika pipa la maji ya kisima, nikaacha zebaki ya waosha dhahabu iliyoingia kisimani ishikamane nao, kisha nikaunasa kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Maji niliyokutumia kwa chupa ulipima mwenyewe, ukasema sumu imepungua sana. Dorotea, na mimba yake hiyo, akanywa kwa amani.

Unga uliobeba sumu niliuzika nyuma ya zizi kama ulivyoagiza.

Sasa sikia alichofanya mumewe. Tangu watu waruhusiwe kuuza dhahabu hadharani, shemeji Keraryo haoni kitu cheusi akakiacha. Unawajua waosha dhahabu: mchanga mweusi ulionaswa na sumaku huoshwa tena na tena, huenda kuna chembe imejificha. Basi kaufukua unga, kauosha kwenye karai pale pale mdomoni mwa kisima! Sumu yote ikarudi ndani.

Nilimfokea hadi majirani wakatoka. Yeye akacheka.

"Shemeji, mchanga mweusi hauzikwagi! Umesoma mpaka umesahau kwenu?"

"Huo si mchanga," nikamwambia. "Ni sumu ya mwanao!"

Akawageukia majirani, eti namfichia dhahabu.

Unga umekwisha. Dorotea sasa anateka maji chemchemi ya mbali, mlima kupanda, tumbo mbele, wala hasemi na mumewe.

Tafadhali tuma kopo jingine kabla hajajifungua. Safari hii unga uliotumika nitaufungia ndani ya chungu, niuzike ubavuni mwa kaburi la baba na kusakafia kwa saruji. Mama amekubali. Pale hata Keraryo hatathubutu kupiga jembe.

Mama, Dorotea na mama mdogo Esta wanakusalimu sana. Keraryo hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu ailinde mikono yako huko maabara.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,

Rafaeli