Ugali Uliosubiri Sala

Mama, shikamoo.

Simba wa picha ya kadi hii sijamwona. Huku Mang'ola naona vitunguu tu. Jana nilibeba magunia kutwa, mgongo ukaniuma hadi nikaona sina cha kumshukuru Mungu. Ugali ulipoletwa nikamega bila sala. Wenzangu hawakugusa. Gidamis, mchunga ng'ombe tunayekula naye, asiyeingia kanisani, akasema, "Wewe, mbona leo hujasali? Tunakungoja."

Nikakumbuka kwenye sala za jumuiya ulivyotuzuia watoto kula mpaka kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru. Nikatafuta, nikakosa. Mwisho nikamshukuru Mungu kwa hawa walioningoja.

"Amina," akasema Gidamis, "ila kesho usifikirie sana, ugali umepoa."

Mungu akutunze, Mama. Wasalimu wanajumuiya wote.

Mwanao,
Paskali