Gari Limefika, Jina Bado

Tarehe 3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Kabla hujaniuliza, mimi mzima. Mguu unasumbua asubuhi tu, ukishapata joto unanyamaza wenyewe. Wasiwasi wangu ni wewe na hicho kifua. Humo kwenye ghala la baridi unavaa soksi mbili mbili kama nilivyokwambia, au unaniitikia tu niridhike? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya dukani nikisikia sauti yako nalia mpaka pesa inakwisha, tunakuwa hatujasema kitu. Mwandiko uvumilie, shule yangu unaijua.

Gari limefika! Nimeliona yadini kwa macho yangu haya. Jeupe, limekaa kama bibi harusi kati ya magari mengine. Nikalishika ubavuni nikaliambia, wewe ndiye utakayenirudishia mtoto. Mlinzi akanitazama kama nimerukwa na akili, nikamwacha atazame.

Sasa kuna jambo, baba. Mimi nilijua gari likishanunuliwa limenunuliwa. Kumbe wapi! Nilikwenda ofisi ya usajili, dirishani yuko kijana mwenye miwani, ana adabu lakini ana maneno. Nikamwambia nimekuja kuchukua gari la mwanangu. "Mama," akasema, "gari kwanza lipate jina." Akaanza kunitajia. Kuna ushuru wa kuliingiza. Kuna ada ya kulikagua, ada ya kuliandikisha, vibao vya namba, bima, na kibali cha kubeba wanafunzi. Na yadi nayo inadai kila siku linapolala pale. Nikamuuliza, "Kwani linakula?" Akasema, "Linakula kuliko mimi na wewe, mama."

Lililonichoma ni huo ushuru. Eti gari lina umri mkubwa, kwa hiyo linatozwa zaidi. Nikamwambia, "Mbona sisi wazee zahanati wanatupunguzia?" Foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka. Lakini hakupunguza.

Mwalimu mkuu bado anasimamia ahadi yake. Anasema gari likiwa tayari muhula wa Septemba, watoto wote wa ng'ambo ya daraja ni wetu kuwabeba, na dereva ni wewe. Niambie tufanyeje. Mimi hapa nimeshika tama.

Ni mimi, mama yako.


Tarehe 24 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Soksi navaa, tena tatu. Kifua kimetulia, usikipe mawazo yako.

Kosa ni langu. Aliyeniuzia aliniambia bei ya gari na nauli ya meli, na mimi nikajiona nimemaliza. Sikuuliza gharama za kulisajili huko nyumbani, wala sikujua kwamba uzee wa gari unalipiwa. Ningejua ningenunua lenye umri mdogo zaidi. Maji yameshamwagika.

Natuma pesa ya ushuru na ya yadi. Ni ile niliyoiweka ya kuanzia maisha nikirudi, lakini gari ndiyo maisha yenyewe, si ndiyo? Lipa dirishani, udai risiti, na mtu yeyote atakayekwambia "nipe mimi nikufanyie haraka" mpite kama humwoni. Ukishalipa watakupa kibali cha muda ulipeleke nyumbani kungoja siku ya ukaguzi.

Mkataba wangu hapa unakwisha mwisho wa Agosti. Msimamizi ameshaniuliza kama naongeza. Nimemwambia mama yangu ameshachoka kuandika barua.

Mwanao.


Tarehe 20 Machi

Mwanangu, jicho langu,

Hujambo huko? Sisi huku ni furaha tupu. Pesa ilifika, nimelipa, risiti nimezifunga kwenye kanga. Gari liko uani! Jirani zako wote wamekuja kulitazama. Yule mama wa duka amekaa kwenye kiti cha mbele akakataa kushuka, anasema apelekwe mjini. Nikamwambia, "Shoga, shuka, hili bado halina jina."

Ukaguzi ni Jumatatu. Na mimi, baba, unanijua. Nimefua mashuka ya zahanati tangu hujazaliwa, siwezi kupeleka kitu kichafu mbele ya mtu anayekuja kukitazama. Mgeni hapokewi kwenye uchafu, sembuse mkaguzi! Viti nimevisugua kwa brashi na sabuni ya unga. Mazulia nimeyaanika. Kutu ndiyo iliyonishinda, imekula chini chini kama mchwa, nikamwita Fundi Cheche, yule mchomeleaji wa hapa nyuma. Nikamwambia, "Cheche, nisione kutu hata chembe, hata pale macho hayafiki." Amekuja na ile mashine yake ya kusagia, cheche zinaruka mpaka kuku wamehama. Amesaga milango, amesaga chini ya mazulia, ameinua hadi viti. Kisha akapaka rangi. Linang'aa utadhani jana limetoka kiwandani.

Cheche amekataa malipo. Anasema umletee koti la baridi ukirudi. Nikamwambia, la baridi hapa ulivalie wapi? Akasema, "La kuringia, mama."

Rangi inanukia hadi humu chumbani. Naisikia, nacheka peke yangu.

Mama yako.


Tarehe 11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaenda mbio kuandika hii.

Hiyo kutu mliitoa kila mahali? Chini ya kiti cha dereva, kwenye chuma cha sakafu, pale pana namba imegongwa kiwandani. Ndiyo kitambulisho cha gari, mama, na ndiyo iliyoandikwa kwenye makaratasi yote. Pale msipaguse. Kama mmepagusa, niambie.

Najua Jumatatu yenyewe imeshapita. Naandika tu.

Mwanao.


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi ni hivyo hivyo.

Barua yako ilifika, nikaiweka. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Sikujua nianzie wapi.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole. Alilizunguka gari akasema, "Mama, tangu nianze kazi hii sijaletewa gari safi hivi." Nikavimba kichwa. Akainua kiti cha dereva, akainama na tochi. Akapitisha kidole.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani, baba? Vibao si bado hatujapewa?"

"Ya kiwandani. Hapa pamesagwa."

Nikamwambia ilikuwa kutu. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mama, kila anayeleta gari la wizi hapa huniambia kutu."

Cheche alikuwa pembeni yangu. Akaanza kuapa, mikono juu, miungu yote akaitaja. Mkaguzi hakutukana wala hakupaza sauti. Angenitukana ningepata la kumjibu. Aliandika tu, akanipa nakala, akasema gari haliondoki mpaka lijulikane ni lipi. Nikamwambia, "Si hili hapa!" Akasema, "Bila namba, mama, si hili wala si lingine."

Wakalivuta kwenye yadi ya polisi. Yadi nyingine, na ada yake.

Nilitaka lipendeze. Basi. Sina neno jingine.

Mama.


Tarehe 19 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nakuomba usilie. Cheche naye mwambie simdai kitu. Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia juu ya ile namba kabla gari halijapanda meli. Ungejuaje? Hata mimi nilionyeshwa na muuzaji.

Nimeuliza watu wanaojua. Inawezekana kusajiliwa, ila ni safari. Mtaalamu wa polisi alipime na kuthibitisha si la wizi. Kiwanda kitoe barua. Kisha serikali igonge namba mpya, na kila hatua ina ada yake, halafu ukaguzi unaanza upya na unalipiwa upya. Na yadi inahesabu huku sisi tunangoja. Barua ya kiwanda naifuatilia mimi kupitia kwa muuzaji. Ananijibu akitaka.

Kwangu akiba imekwisha. Natuma nusu ya mshahara, uanze na mtaalamu.

Msimamizi ameniuliza tena juu ya mkataba. Ukiongeza miaka miwili wanakupa kitu mkononi siku ya kusaini. Nimemwambia anipe muda.

Mwanao.


Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Kwema huko? Umekula? Usinitumie nusu ya mshahara ukalala na njaa, nitajua tu.

Pesa ya mtaalamu nimelipa. Alikuja, akamwaga dawa yake pale chini ya kiti, akatazama na kioo. Akasema tarakimu tatu zinaonekana, nyingine Cheche amezimaliza. Kwa hiyo bila barua ya kiwanda hawezi kutia saini. Nikaenda usajili, wakasema niende polisi. Polisi wakasema nirudi usajili nikaombe faili. Usajili wakasema faili iko polisi. Wananipiga danadana, na mguu wangu wanauona.

Siku moja yule kijana wa miwani akatoka nje, akanikalisha kwenye benchi. Akasema, "Mama, nakueleza kama mama yangu mzazi. Nimejumlisha. Mpaka hili gari lipate jina, mtakuwa mmelipa bei ya gari la pili. Na likikaa yadini mpaka mwisho wa Agosti, litapigwa mnada kulipia kukaa kwake."

"Sasa nifanye nini, baba?"

Akavua miwani akaifuta. "Mimi kazi yangu ni kukuambia gharama, mama."

Cheche naye kaja na yake. "Mama, namba si tarakimu tu? Nipe karatasi, leo leo naigonga mwenyewe, hakuna atakayejua." Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyanyuka kwenda kuleta karatasi. Nikakumbuka sura ya yule mkaguzi. Nikamwambia, "Cheche, umeshanisaidia, inatosha. Hiyo sasa ni jela yangu na yako." Akakaa kizingitini akalia, mtu mzima na ndevu zake. Ikabidi nimbembeleze mimi.

Barua ya kiwanda vipi?

Mama yako.


Tarehe 3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa.

Muuzaji amesema kiwanda kinatoa barua, lakini kwa malipo, na kwa foleni. Nimepiga hesabu zote, za kweli na za kujidanganya. Gari likipigwa mnada nitarudi mikono mitupu baada ya miaka yote hii, na wewe utaendelea kufua mashuka kwa huo mguu. Siwezi kuliona hilo.

Leo asubuhi nimesaini. Miaka miwili mingine. Waliponipa kalamu nilikuwa sijavua glavu, nikaona mwandiko si wangu. Pesa waliyonipa nakutumia yote, lipia yadi kwanza. Mwambie mwalimu mkuu avumilie, tutamtafutia dereva hadi nije.

Usiniambie nimekosea. Imeshapita. Mkataba huu hauvunjwi, tumeelezwa mara mbili.

Mwanao.


Tarehe 6 Agosti

Mwanangu, pumzi yangu,

Hujambo, baba? Nimekwenda dukani kukupigia, simu inasema hupatikani, nadhani uko zamu. Nikakaa pale nikajaribu tena mpaka mama wa duka akanihurumia akaniletea kiti. Basi nakuandikia, Mungu aikimbize.

Mwalimu mkuu amepata gari jingine. Alikuja mwenyewe kuniambia, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Simlaumu, watoto wana masomo. Alipoondoka nilidhani nitalia. Sikulia. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

Nimewaza hivi. Tulikuwa tunalisajili gari ili wewe urudi, na kila tukilipa ndivyo unavyozidi kukaa. Hii ni akili gani? Waache walipige mnada. Walipatie jina wanalotaka wao. Mimi sikuzaa gari.

Zahanati wameleta mashine kubwa ya kufulia na wanatafuta mtu wa kuiendesha. Nimekutaja. Matroni amesema aje tumwone. Mshahara si wa kuringia, ila unatosha watu wawili wasio na makuu. Chumba chako nimekipaka chokaa, mwenyewe, kwa mkono wangu, Cheche nimemkataza asishike kitu.

Kwa hiyo huyo msimamizi akija na karatasi yake mwambie hapana. Mwambie mama amesema. Hata kama wanatoa kitu mkononi, usisaini, baba, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Agosti ikiisha panda ndege uje hivyo hivyo ulivyo, na begi lako moja.

Barua hii usiijibu kwa kalamu. Ijibu kwa miguu.

Nakungoja. Ni mimi, mama yako.