Waya ya Chini ya Bulongo na Imbwa Yetu

Lubumbashi, mu mutaa wa Golf

Yaya yangu Filo,

Jambo sana, weye mukubwa yangu. Jambo kwa Mama yetu, mugongo yake iko namna gani na hii baridi? Jambo kwa shemeji bwana yako, mikono yake isichoke mu shamba. Jambo kwa mapacha yako, banakula muzuri? Jambo kwa mutoto yangu Mado. Umukumbatie kwanza, kisha njo uendelee kusoma. Jambo ata kwa Papa Ilunga jirani, ata kama roho yangu haimupende leo. Na Polisi, imbwa yetu, umupapase kichwa. Miye niko, mwili iko, lakini roho haikae.

Barua yako nilipata. Nilisoma mara tatu ile fasi ya kuku ya Papa Ilunga yenye Polisi alikula. Papa Ilunga anasema Polisi akiingia tena mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, atamuua. Na weye ukaandika: "Leta ile waya ya bazungu yenye haionekane." Ni kweli, miye njo nilikuambia. Madame yangu, mwenye ninamufulia na kumupikia, anahama, na alisema nibebe yote: waya yenye banazika mu bulongo, kamashini yenye banafunga ku courant ya umeme, na mukaba ya shingo. Imbwa ikikaribia waya, mukaba inalia. Ikiendelea, mukaba inaipiga ile courant ku shingo. Nilifurahi, yaya. Nilisema Polisi amepona.

Sasa sijue tena.

Ile waya balizika pa mulango sababu Max, imbwa ya Madame, alikuwa anatoroka kila mara gari inatoka. Balisimika tubendera tweupe ku mupaka, imbwa ijifunze fasi ya kusimama. Miye hakuna mwenye aliniambia. Asubui nikafagia, nikawaza ni bintu bya fête, sikukuu ya batoto ba jirani, nikang'oa yote, nikatupa. Gari ikatoka, Max akakimbia, mukaba ikamupiga ku shingo. Alilia kama mutoto, akapita ile waya, akafika mpaka mu barabara.

Kurudia njo ilikuwa mambo. Anataka kuingia, mukaba inalia, anarudia nyuma. Tunamwita na nyama, anakaa kule anatetemeka. Mulango iko wazi, kwao anaona, na haingie. Mpaka wakati sentineli, mulinzi wa Madame, alizima kamashini, akamubeba mu mikono. Tangu ile siku Max anakaa pa baraza tu, ata ku majani haende. Madame alinikaripia, kisha akasema:

"Si kitu, ni kama kukwaruzwa tu."

"Madame, uliisha kuivaa?"

Akacheka. Kesho yake nilifunga ile mukaba ku mukono yangu, nikaenda polepole pa waya. Papa Kabwe, sentineli, alikuwa anakunywa chai.

"Mama Mado, leo ni weye unalinda? Basi ubweke, miye niende kwangu!"

"Nyamaza, Papa Kabwe, ninajifunza kazi."

Ikanipiga. Haiue, yaya, lakini nilipiga kelele, nikavua ile mukaba mbio. Papa Kabwe akaacha kucheka, akaniuliza: "Imbwa yenu iko na roho nguvu?" Roho nguvu? Polisi mwenye anaingia chini ya kitanda ya Mama, radi ikilia!

Tena banasema imbwa inafundishwa kila siku na kamba, muntu mwenye hana haraka. Nani kule kwetu iko na ile wakati? Na courant? Ile plaque ya solaire ya shemeji, yenye inaleta umeme ya jua, inakufa siku ya mawingu. Polisi akiona kuku atapita na nguvu, kisha ataogopa kurudia, sawa na Max. Papa Ilunga atamukuta palepale.

Na kintu yenye inaniuma zaidi: tangu baba ya Mado alikufa, ni Polisi njo anamusindikiza ku masomo, mu ile njia ya majani marefu. Polisi akivaa mukaba atabakia mu lupango, Mado atapita peke yake. Nimegeuza hii mambo siku mingi, kila upande ni mubaya.

Njo nimekata shauri: waya sitaituma. Shemeji amufunge Polisi na kamba. Asubui Mado amufungue baende, bakirudia pamoja amufunge tena. Atabweka, Mama hatapumuzika, mumuombe Mama anisamehe. Mwisho wa mwezi kazi inaisha hapa, nitakuya kwetu, tutafunga lupango yetu na miti. Umuombe Papa Ilunga avumilie mpaka ile siku. Umwambie ni miye ninamuomba.

Lakini barua yako ilikaa mu njia siku mingi, na simu yenu hailie. Ninaandika na woga kama ninachelewa.

Usalimie mwalimu wa Mado, na ule mama wa kanisa mwenye ananiombeaka.

Dereva wa camion ya mahindi mwenye anabeba hii barua atalala kwenu siku moja tu. Usitafute karatasi. Umwambie kwa kinywa: Polisi iko muzima, ao haiko. Nitamungojea pa parking ya camion, fanya mbio. Na kama haiko, uniambie pia nani anamusindikiza Mado.

Mudogo yako,
Mama Mado