Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Asteria

Asteria, mjukuu wangu uliyeko Dodoma,

Ninaandika kwenye kompyuta yako. Bado ipo palepale sebuleni Mwananyamala, juu ya meza ya cherehani ya bibi yako, na kioo chake cha ubavuni kinatazama kochi langu. Herufi nimezikuza mpaka maneno matano yanajaza mstari. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Daktari amesema moyo umechoka. Hakusema mengi zaidi, nami sikumuuliza. Nilidhani ningeogopa. Nimekaa kama wiki mbili nikiusubiri woga, haujaja. Miguu ina ganzi, na naona ganzi imepanda hadi kwingine.

Barua hii nataka isomwe na watu wengine pamoja nawe. Sababu utaiona mbele.

Unaikumbuka alasiri tuliyochagua vifaa vyake? Bibi yako alikuwa ametutoka miezi minne. Fidelis alikuja na daftari lake kutoka Buguruni, kwenye kile kibanda alimokuwa akiwaundia watu kompyuta za michezo. Aliingia, akavua viatu mlangoni, akaniamkia.

"Marahaba, mwizi wa wake za watu," nikamjibu.

Alicheka, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Alijua utani wetu. Tangu mama yako aolewe tena Songea ukabaki kwetu, nilikuita mke wangu, na bibi yako alikuita mke mwenzake, akikutishia kila siku kukurudisha kwenu na sufuria zako. Ulikuwa na miaka sita ulipomjibu kwamba aanze yeye kuondoka, maana yeye ndiye mzee.

Mlianza na jinsi ya kuipoza. Wewe ulitaka ya maji, ile yenye mipira miwili inayozungusha maji kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta ndogo, kwa sababu uliiona kwenye picha ikiwaka rangi ya zambarau. Fidelis alisema ya maji ni nzuri sana, ila ikivuja, inavujia juu ya kila ulichonunua. Yeye alitaka ya feni, yenye chuma kikubwa cha mapezi. Mkabishana. Halafu ukanigeukia na kusema kwamba ndani ya nyumba hii yupo mtu aliyefundisha fizikia tangu nyie wawili hamjazaliwa, aulizwe yeye.

Niliomba kalamu. Nikachora sanduku kwenye daftari la Fidelis, na mishale: hewa ya baridi iingie mbele, chini, hewa ya moto itoke nyuma na juu. Nikawaambia kwamba joto linapanda, basi liachiwe mlango juu. Maji hayahitajiki, ikiwa mlango upo na hauzibwi. Fidelis akaandika: feni tatu mbele, moja nyuma, mbili juu, kasha liwe la wavu upande wa juu. Ukasema, "Mwalimu kaongea," ukafunga mjadala. Kwa hiyo ule wavu wa juu ni wangu. Naomba ulishike hilo.

Ubavu wa kasha ulileta ubishi mwingine. Fidelis alipendelea bati lenye matundu. Wewe ulitaka kioo na taa. "Nimeisubiri miaka miwili, halafu nisiuone utumbo wake?" Hapo alishindwa mara moja.

Ikabaki skrini. Zilikuwa mbili. Moja ndogo, ambayo picha zake zinabadilika upesi mno, ndiyo wanayotumia wachezaji wa mashindano. Nyingine kubwa, ina rangi nzuri, lakini picha zake nzito kidogo kubadilika. Fidelis alisema kwa mchezo wako wa kulenga shabaha chukua ndogo, hata usifikirie. Wewe ulitazama kochi langu. Jicho langu la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko.

"Hiyo ndogo, mume wangu ataiona kutoka pale?"

"Kwani anayecheza ni babu?"

"Anayeangalia ni babu," ukasema, ukachukua kubwa.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kuambiwa. Nalirudia na silihisi tena. Ninajua tu kwamba lilisemwa, na nani alilisema, na mimi nilifanya nini baadaye.

Unajua sebule yetu ilivyokuwa enzi za bibi yako. Kila kitu kilivaa. Redio, televisheni, migongo ya makochi, hata friji lilikuwa na shela. Alifuma mwenyewe, akafua mwenyewe, akatia wanga mpaka vikasimama. Siku Fidelis alipoleta kompyuta ulivikusanya vyote ukavitia kwenye mfuko, ukaniuliza kama ni sawa, nikasema ni sawa. Kesho yake nilitoa kimoja. Ni kile cheupe chenye maua ya buluu pembeni, cha mwisho kutiwa wanga kabla hajaugua. Nikakitandaza juu ya kompyuta. Siku ile sikuwa na nia mbaya. Kitu kipya kilikuwa uchi ndani ya nyumba yake, mkono ukaenda wenyewe.

Ulirudi, ukakiona, ukacheka. "Babu, hii sio redio bwana. Inapumulia huku juu, si ulichora mwenyewe?" Ukakikunja vizuri, ukaniwekea magotini. Ningekuwa nimekiacha hapo magotini, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Baada ya kama miezi miwili Fidelis alikuja wewe ukiwa kazini. Aliniambia kuna timu ya Nairobi imekuona ukicheza kwenye mtandao. Watakujaribu Jumamosi moja, mchana, kutoka hapahapa nyumbani. Ukipita, mtakwenda kukaa huko, wewe kwa kucheza na yeye kwa kutunza mashine zao, na kabla ya safari wazee wake watakuja na posa. Aliomba nisikwambie kuhusu posa. Aliongea kwa adabu, mikono kati ya magoti. Nilimwambia, "Kweli wewe mwizi," tukacheka wote wawili. Alipoondoka nilikaa palepale mpaka mchuzi ukaungua jikoni.

Wiki hiyo nilianza kukirudisha kitambaa.

Safari hii sikukitandaza. Nilikikunja mara nne, kiwe kinene na kisining'inie pembeni. Nilisubiri ukae, uvae vile vidude vya masikioni, kisha nikapita nyuma yako kana kwamba nafuata maji ya kunywa. Ukiwa umekaa, sehemu ya juu ya kasha ilikuwa juu ya macho yako. Ukitaka kuinuka ulikuwa unajinyoosha kwanza, na mimi nilikuwa nimeshakitoa. Nilijiambia nazuia vumbi. Nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku nilijua kwamba vumbi halimsubiri mtu avae vidude masikioni.

Mashine ikaanza kuzimika katikati ya mazoezi. Ulimpigia Fidelis. Alikuja, akabadilisha pesti ya kupitishia joto kwenye prosesa, akaiwasha saa nzima, haikuzimika, kwa sababu akiwepo yeye kitambaa kilikuwa chini ya mto wangu. Akienda, inazimika. Alikuja tena. Nikakusikia ukimuuliza, kwanza kwa utani, baadaye bila utani, kama feni alizokuwekea ni mpya kweli au ni za mtumba. Nilikuwa kwenye kochi. Nilikunywa chai yangu.

Jumamosi ya jaribio ulivaa ile fulana ya njano. Uliniomba nisiongee, nikakuahidi. Mchezo wenyewe sikuuelewa sana, lakini kwenye skrini ile kubwa niliona wazi kwamba unawashinda. Nikainuka kufuata maji.

Ilizimika. Ukaiwasha haraka, ukaomba radhi, wakakusubiri. Ilizimika tena. Ulipoiwasha mara ya tatu hawakuwepo. Hukulia. Ulivua vidude vya masikioni, ukavipanga mezani vizuri, waya zikalala upande mmoja, ukaniuliza kama nina njaa. Nilikuwa bado sijakitoa kitambaa. Uliinuka bila kuitazama mashine, nami nilikitoa ulipoingia jikoni.

Fidelis alifika kesho yake baada ya misa. Aliifungua mbele yetu. Alikagua kila kitu kwa tochi, akafika kwenye feni mojawapo ya juu, akasimama. Kwenye kitovu cha feni ulikuwa umejizungusha uzi mweupe, mrefu kama kidole, mgumu kwa wanga. Aliuchomoa taratibu. Wewe ulikuwa nyuma yake, hukuuona. Alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akautia uzi kwenye mfuko wa shati.

"Feni ilikuwa inakwama kidogo," akasema. "Kosa langu. Sikukagua vizuri."

Aliiwasha, ikafanya kazi hadi jioni. Hilo ndilo lililomkaanga. Ulimwambia kama si yeye aliyeiharibu, mbona akiishika inapona? Ulimwambia alikupa vifaa vibovu, kisha akavibadilisha siku ambayo hakuna tena cha kuokoa. Alijibu neno moja tu, samahani. Ulimwambia asikanyage tena. Akavaa viatu mlangoni, akaniaga, "Babu, mie naenda." Nikamwambia aende salama. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata siku ile.

Jioni hiyo uliandika kwenye kundi la wachezaji, kwa jina lake na mahali kilipo kibanda chake, kwamba ni tapeli. Watu walikuamini kwa sababu wewe si mwongo. Wateja wakakatika. Kibanda cha Buguruni kilifungwa kabla mwaka haujaisha. Wewe uliomba uhamisho, ukaenda Dodoma, na mashine ukaniachia ukisema hutaki kuiona. Nilitaka usiondoke, ukaondoka. Ningeweza kukwambia kwamba niliumia. Nilikaa kwenye kochi, nikatazama kioo, taa za zambarau zikazunguka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Usichokijua ni kwamba Fidelis aliendelea kuja. Sasa yupo Temeke, anatengeneza pasi na feni za mezani barazani kwa dada yake. Kila baada ya miezi michache anakuja na kipulizio chake, anafungua kompyuta yako, anatoa vumbi, anafunga, anakunywa chai, ananiuliza habari zako. Kila mara ananiuliza kama unakula vizuri. Miaka minne hajawahi kutaja uzi.

Wiki iliyopita alikuja. Alikuwa amechuchumaa, skrubu kinywani, nikamuuliza.

"Fidelis, ule uzi uliuweka wapi?"

"Uzi gani, babu?"

"Unaujua."

Alitoa skrubu kinywani. Alipuliza feni ya mbele, ya nyuma, akafika za juu.

"Nilijua ni wa bibi," akasema. "Nikasema mzee amefiwa, anafunika kwa mazoea, hajui. Nikimtaja mbele ya mjukuu wake nitakuwa nimemvua nguo. Nikasema ya kwangu yatapita."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza mara ya mwisho. Alikuwa amenipa na sababu, imekunjwa tayari. Nikamwambia, "Siku ya kwanza, ndiyo. Zile nyingine nilijua. Nilikuwa nakikunja mara nne."

Alirudisha kioo, akakaza skrubu zote nne, kila moja kwa utulivu, akafuta alama za vidole vyake. Mama Kulwa, jirani, alikuwa ameshaleta chai. Hakuinywa. Mlangoni alisimama na viatu mkononi.

"Posa ilikuwa tayari, babu," akasema. "Mama alikuwa ameshanunua khanga."

Akaondoka. Sijui kama atarudi. Chai niliiangalia mpaka ikapoa, kisha nikamwomba Mama Kulwa aitoe.

Kwa hiyo ninaandika. Uliyoyasema juu yake uliyasema mbele za watu, na ulinena uongo bila kujua kwamba ni wangu. Kundi lile bado linafunguka hapa kwa jina lako, hukuwahi kulifunga kwenye mashine hii. Nikimaliza, barua hii nitakutumia wewe kwanza, kisha nitaiweka pale, nzima, na jina langu. Wachezaji wale ni vijana, watanicheka, na watakuwa na haki. Fundi Fidelis hakuwahi kumtapeli mtu. Feni zilikuwa mpya. Kompyuta ile haikuwa na kosa lolote, hadi leo haina. Imekuwa ikiwaka tangu asubuhi nikiandika, na juu hakuna kitu.

Sikuombi unisamehe. Natafuta ndani yangu mahali pa kuliweka ombi hilo sipaoni, na sitaki kuandika maneno ambayo siyahisi kwa sababu tu ndiyo yanayoandikwa. Kitambaa kimo kwenye droo ya cherehani, upande wa kulia. Kimekatika uzi pembeni, kwenye ua la tatu. Ukitaka ushahidi, ndio huo.

Najua ukishasoma utapanda basi. Nakujua. Basi nina neno moja tu. Ukifika stendi, usianzie Mwananyamala. Kama moyo huu utanisubiri, utanikuta kwenye kochi. Kama hautasubiri, mimi sina haraka tena. Anzia Temeke.

Baki salama.

Babu yako,
niliyekuwa nikijiita mume wako