Anayekusomea Barua Hii

Bukoba, Jumapili

Mama yangu, Mama Issa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Dawa ya matone uliyopewa hospitali ya Mkomaindo bado ipo? Mimi mzima. Shule imefunguliwa, nafundisha vidato viwili, na mvua ya huku ikija haikumbuki kuondoka. Ndizi nimezizoea mdomoni tu, moyoni bado.

Najua anayekusomea barua hii si mama mdogo Hadija tena. Ni Wakili Rehema. Mama mdogo ameniandikia yote: kwamba huyo dada wa msaada wa kisheria, anayeshughulikia kesi ya kaka Issa, akija hapo kijijini Makote halali gesti, analala kitandani kwangu. Kwamba ulimchimbia ming'oko, mizizi yetu ya porini, akaila na maganda yake, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Kitanda kashachukua," ameandika mama mdogo, "wewe chelewa tu, utakuta na mama kachukuliwa."

Yeye anatania. Mimi sikucheka.

Tangu wale wanaume wasio na sare wamchukue kaka, eti kwa kuwa alisimama mkutanoni kuuliza ni nani waliowapiga vijana wa kijiji, hujacheka nami kwenye simu hata mara moja. Ni "salama, salama," kisha unakata, kwa sababu tunaogopa kusikilizwa. Mama mdogo alininakilia hati yako ya kiapo. Humo ndimo nilimosoma kwamba ulikwenda vituo vitatu na nguo zake mkononi, na kila kituo wakakuambia hawana mtu wa jina hilo. Kwamba mpaka leo unampakulia ugali wake na kuufunika. Mgeni ulimweleza hayo kwa siku mbili. Mimi niliyekaa tumboni mwako nimeyasoma kwenye karatasi, kama mtu baki. Nilimchukia, mama. Nilivichukia hata viatu vyake, ambavyo sijaviona, kwa kuwa najua vinakaa pale mlangoni nilipokuwa naweka vyangu.

Wakili, hapa simama kidogo. Mshike mama mkono, ndipo uendelee.

Mama, umeapa kwamba siku ile hakuna aliyezungumza na Issa. Hukujua. Alinitumia mimi ujumbe wa sauti kwenye simu. "Siwema, wamekuja, wako watatu, gari jeupe. Usimwambie mama." Halafu inasikika sauti ya mwanamume mwingine: "Afande, huyu anarekodi." Basi.

Wakili aliniandikia mara mbili kuniuliza kama nina chochote. Nilimjibu sina. Nilijiambia namtii kaka. Uongo. Nilitaka kibaki kitu kimoja cha nyumba yetu ambacho yeye hana. Na muda wote huo upande wa serikali unaiambia mahakama kwamba haujawahi kumshika.

Kitenge hiki anakuletea mwalimu mwenzangu anayekuja kwao Masasi kwa ruhusa. Kwenye pindo nimeshona memori kadi yenye sauti ya kaka. Wewe usijisumbue na macho yako, Wakili afumue. Nimeshaomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Kabla kesi haijatajwa tena nitakuwa Mtwara mahakamani, niape mwenyewe kwamba simu ni yangu na sauti ni ya ndugu yangu. Wakiniuliza kwa nini nilinyamaza, nitawaambia ukweli, hata kama wewe umekaa pale unasikia.

Nisalimie mama mdogo Hadija, na maneno yake makali yameniingia. Nisalimie mjomba, anayekusindikiza mahakamani, na bibi wa Nanganga, anayemwombea Issa kila Ijumaa. Ugali wa kaka uendelee kuufunika.

Kitanda changu namwachia Wakili. Mimi nikija nitalala mkekani kwako. Ila ming'oko, mama, siku hiyo unichimbie mimi kwanza.

Binti yako wa kumzaa,
Siwema